Kuusikiliza mwili na kuijua mipaka yako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya watu wazima wenye shughuli za kawaida: wanaofanya kazi, wanaolea, wanaouguza, wanaofanya mazoezi wakipata nafasi. Majibu hayachukui nafasi ya daktari anayekuona ana kwa ana. Kama una dalili inayokutisha sasa hivi, ruka hadi swali la dalili zisizosubiri.

Kila mtu anasema “sikiliza mwili wako.” Nisikilize nini hasa?

Ushauri huu umesemwa mno hadi umebaki maneno matupu. Tuanze na mwili wenyewe. Ubongo hupokea habari muda wote kutoka ndani: mapigo ya moyo, pumzi, tumbo, kibofu, joto, misuli iliyokaza. Mwanasayansi Mwingereza Charles Sherrington alizitenga hisia hizi za ndani na zile za macho na masikio mwaka 1906, na siku hizi inajulikana kwamba sehemu ya ubongo iitwayo insula ina kazi kubwa ya kuzipokea. Watu hawazisikii kwa kiwango kimoja. Jaribu: kaa kimya, usijishike popote, hesabu mapigo ya moyo wako kwa nusu dakika. Kisha rudia ukiwa umeshika mkono pale mshipa unapopiga. Wengine hesabu mbili zinakaribiana, wengine zinapishana vibaya sana.

Kwa maisha ya kila siku huhitaji kipaji hicho. Unachohitaji ni kuijua hali yako ya kawaida vizuri kiasi kwamba ikibadilika unagundua. Umezoea kulala saa ngapi, kwenda haja mara ngapi, kupanda ngazi zipi bila kuhema, kukasirika kwa kiasi gani. Mtu ambaye siku zote huamka mwepesi, na wiki hii anaamka mzito, ana jambo la kuchunguza. Aliyekuwa akiamka kwa manung’uniko tangu utotoni huenda ndivyo alivyo tu.

Mbona mimi nashtukia nimeshachoka hoi bin taabani? Mwili haunionyi mapema.

Unakuonya, ila mara chache hutumia maumivu kama onyo la kwanza. Ishara za mwanzo hujificha kwenye tabia. Unasoma sentensi ileile mara tatu. Unamfokea mtoto kwa kosa ambalo juzi ulilicheka. Unaingia chumbani na kusahau ulichofuata. Sauti ya mtu akitafuna inakukera kupita kiasi. Unaahirisha kujibu ujumbe wa watu unaowapenda. Watu wa nyumbani huziona dalili hizi kabla yako, kwa hiyo ukiambiwa “siku hizi umekuwa mkali,” kabla ya kujitetea hesabu kwanza umelala kiasi gani tangu wiki ianze.

Kuna sababu nyingine. Mwili ukiwa kwenye dharura hujifunika. Mwaka 1944 huko Anzio, Italia, daktari Mmarekani Henry Beecher aliona askari wenye majeraha makubwa wakisema hawana maumivu ya kuhitaji dawa. Kiasi cha maumivu hakikulingana na ukubwa wa jeraha. Ubongo ulikuwa umeyapima pamoja na mazingira yote ya mtu. Maisha ya kawaida hayana mizinga, lakini kanuni ni hiyohiyo: ukiwa na mtihani, harusi ya ndugu au msiba wa kusimamia, homoni za dharura kama adrenalini na kotisoli zinakubeba, na uchovu unakuja kuudai muda wake shughuli ikishaisha. Mwanasayansi Hans Selye, aliyeandika kuhusu msongo mwaka 1936 na kuendelea kuuchunguza maisha yake yote, aliugawa katika hatua tatu: mshtuko, kuhimili, kisha kuishiwa. Hatua ya hatari kwa mtu asiyejichunguza ni ile ya katikati, maana ndiyo anayojiona yuko imara.

Dalili zipi hazisubiri?

Hapa si mahali pa kujikaza kisabuni. Nenda hospitali au piga simu ya dharura ukipata:

- maumivu au mgandamizo wa kifua unaodumu dakika kadhaa, hasa ukisambaa hadi mkono, taya au mgongo, au ukija na jasho jembamba, kichefuchefu na kukosa pumzi. Kwa wanawake wakati mwingine huanza na uchovu wa ghafla na kichefuchefu, kifua kikiuma kidogo tu;
- uso kulegea upande mmoja, mkono kukosa nguvu, maneno kukorogeka. Kumbuka saa dalili zilipoanza, utaulizwa, kwa sababu baadhi ya matibabu ya kiharusi hutolewa ndani ya saa chache tu;
- kichwa kuuma ghafla kwa nguvu ambayo hujawahi kuiona;
- mgongo kuuma pamoja na kushindwa kuzuia mkojo au choo, au ganzi katikati ya mapaja;
- kuzimia wakati wa mazoezi;
- mawazo ya kujiua. Hii ni dharura ya afya kama hizo nyingine.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ukifika hospitali ikaonekana ni gesi tumboni, umepoteza jioni moja.

Nitatofautishaje uchovu wa kawaida na uchovu wa kutia wasiwasi?

Uchovu wa kawaida una sababu unayoweza kuitaja na unapungua ukilala au ukipumzika. Ukilala usiku kadhaa vya kutosha na bado unaamka kama hukulala, au uchovu ukaendelea zaidi ya wiki mbili bila sababu, nenda ukapimwe. Upungufu wa damu, kisukari, matatizo ya tezi ya shingoni, maambukizi, kukatika pumzi usingizini na sonona vyote huweza kuanza kwa uchovu tu. Nenda mapema zaidi kama uzito unashuka bila wewe kutaka, usiku unalowa jasho, au kikohozi kimefikisha wiki mbili.

Sonona hasa hukosewa sana. Mtu anasema “nimechoka” kwa sababu ndilo neno linalokubalika mbele za watu, kumbe kilichomwisha ni hamu: chakula hakina ladha, mpira hautazamiki, rafiki akipiga simu anaitazama tu ikilia.

Mimi nimezoea kulala kwa muda wa saa tano au sita tu kila usiku na sijambo kabisa. Kuna tatizo?

Huenda lipo, na hapa ndipo kuusikiliza mwili peke yake kunapokudanganya. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha jaribio la watu wazima wenye afya waliopewa muda wa saa 4, 6 au 8 za kulala kila usiku kwa siku 14. Umakini wa kundi la saa 6 ulididimia siku baada ya siku, hadi ukafanana na wa watu waliokesha usiku mzima. Lakini walipoulizwa wanajisikia usingizi kiasi gani, majibu yao yalipanda kidogo mwanzoni kisha yakatulia. Yaani uwezo uliendelea kushuka wakati hisia ya kushuka imeshakoma. Mtu huyo akikwambia “nimezoea,” anasema kweli: amezoea kuwa chini ya kiwango chake.

Wataalamu wa usingizi wanapendekeza angalau saa 7 kwa mtu mzima. Wapo wachache sana ambao kwa asili hutosheka na chini ya hapo; kila mtu anadhani yeye ni mmoja wao. Kipimo rahisi ni siku ya mapumziko. Usipoweka kengele ukalala saa mbili zaidi ya kawaida, hilo ni deni. Ukisinzia ndani ya dakika chache kila unapokaa mahali palipotulia, hilo nalo ni deni.

Hatari kubwa iko barabarani. Utafiti wa Australia wa mwaka 1997 ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya vipimo vya uratibu kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu dereva kukivuka. Ukiamka saa kumi na moja alfajiri, saa 17 zinatimia saa nne usiku, muda ambao wengi bado wako njiani. Usingizi wa kuibia wa sekunde 4 kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa ni zaidi ya mita 110 bila dereva. Kushusha kioo na kupandisha muziki hakusaidii kwa muda wowote wa maana. Egesha, lala dakika 20, kaa kidogo akili irudi, ndipo uendelee.

Na kahawa?

Kahawa haiongezi nguvu, inazima taarifa. Ukiwa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kwenye ubongo na kukuletea usingizi; kafeini hukaa mahali pake ili isisikike. Adenosini yenyewe inaendelea kuongezeka. Kwa watu wengi nusu ya kafeini bado iko mwilini baada ya saa 5 hivi, kwa mjamzito muda huo ni mrefu zaidi. Kikombe cha saa kumi jioni kwa hiyo bado kiko kazini unapozima taa.

Nikifanya mazoezi, maumivu yapi niyavumilie na yapi yanisimamishe?

Misuli kuuma saa kadhaa baada ya zoezi geni, kilele kikiwa kati ya siku ya 1 na ya 3, ni kawaida. Huuma pande zote mbili, kwa uzito zaidi kuliko kuchoma, na hulegea ukianza kutembea. Simama ukisikia maumivu makali ya ghafla, yaliyo kwenye nukta moja, yanayovimbisha kiungo au yanayokufanya uchechemee. Maumivu yanayokuamsha usiku nayo yaonwe na mtaalamu.

Kwa kupima nguvu unayotumia, mwanasaikolojia wa Uswidi Gunnar Borg alitunga kipimo cha kuanzia 6 hadi 20, mtu akijitajia mwenyewe jinsi zoezi lilivyo gumu. Namba hizo za ajabu zina sababu: ukizidisha kwa 10 unapata makadirio ya mapigo ya moyo kwa dakika, hivyo 13 ni kama mapigo 130. Kama hupendi namba, tumia mdomo. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko kwenye kiwango cha wastani. Ukishindwa kumaliza sentensi, ni kikali.

Nina mafua. Nifanye mazoezi?

Pua tu, tembea taratibu ukitaka. Ukiwa na homa, kifua kinauma au mwili mzima unauma, acha hadi upone. Virusi vikigusa misuli ya moyo, mazoezi makali yanaweza kuleta madhara makubwa.

Siku nikiamka vizuri nafanya kila kitu, halafu kesho yake au keshokutwa siwezi hata kuinuka. Tatizo ni nini?

Siku njema ndiyo inayokuponza. Watu wengi wenye maumivu ya muda mrefu, au wanaojikongoja kutoka kwenye ugonjwa, huishi hivi: mwili ukitulia wanalipa viporo vyote vya wiki kwa siku moja, kisha wanaanguka, wanapumzika kwa lazima, wanapata nafuu, wanarudia. Baada ya muda siku njema zinapungua.

Dawa yake ni kupanga kwa kipimo cha siku mbaya. Kama siku njema unaweza kusimama jikoni dakika 40 na siku mbaya dakika 10, anza na 10, hata siku njema. Gawanya kazi, kaa unapoweza kukaa, pumzika kabla dalili hazijaja. Hili la mwisho ni gumu kuliko yote, maana kupumzika ukiwa mzima kunafanana na uvivu. Ukikaa hivyo wiki mbili tatu bila kuanguka, ongeza kidogo.

Tahadhari moja. Kuna watu ambao dalili huzidi kwa siku nyingi, pengine wiki, baada ya kazi ndogo ya mwili au ya akili, na mara nyingi kuzidiwa huko huja saa 12 hadi 48 baadaye. Hutokea katika ugonjwa wa uchovu sugu na kwa baadhi ya waliobaki na madhara ya muda mrefu ya Kovidi. Kwao “ongeza kidogo kila wiki” kunaweza kuumiza. Mwaka 2021 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ilisema wagonjwa wa uchovu sugu wasipewe programu za kuongeza mazoezi kwa ngazi zilizopangwa mapema. Ukijiona hapo, usimsikilize anayekwambia ujitie moyo tu. Tafuta daktari anayeielewa hali hiyo.

Nikianza kujisikiliza naona kila kitu ni ugonjwa. Je, nimezidisha?

Inawezekana. Ukielekeza akili kwenye koo kwa dakika tano, koo litawasha. Kujikagua kila saa, kupima presha mara kumi kwa siku na kusoma dalili mtandaoni usiku huongeza hofu, na hofu yenyewe ina mwili: moyo unaenda mbio, mikono inakufa ganzi, kifua kinabana. Shambulio la hofu kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi kisha hushuka. La kwanza lipimwe hospitali, kwa sababu linafanana na tatizo la moyo. Ukishahakikishiwa, weka wakati mmoja wa kujikagua kwa siku, andika mstari mmoja, funga daftari. Hofu ikiendelea kukutawala, hiyo nayo inatibika.

Mwili unaweza kunyamaza wakati kuna tatizo?

Ndiyo. Presha ya juu huweza kukaa miaka bila dalili yoyote. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, karibu nusu ya watu wazima walio nayo hawajui. Kisukari cha ukubwani nacho huanza kimyakimya. Wazee hupungukiwa na hisia ya kiu, kwa hiyo mzee asiyeomba maji anaweza kuwa anayahitaji. Wanaosema “mimi najijua, siumwi” waende wapimwe presha na sukari hata hivyo.

Nitajuaje kazi imenizidi?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu uliokithiri wa kazi kama hali inayotokana na msongo sugu wa kazini, likisisitiza kuwa si ugonjwa. Lilitaja mambo matatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kuidharau, na kuhisi kwamba hufanyi lolote la maana. Dalili ya pili ndiyo ningeiangalia sana. Aliyechoka tu bado anajali wateja au wanafunzi wake; aliyezidiwa anaanza kuwasema kama maadui.

Saa nazo zina hesabu yake. Ripoti ya mwaka 2021 ya shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani ilikuta kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, ukilinganisha na saa 35 hadi 40, huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35 na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 17. Hapo “jipende, pumzika” haitoshi. Kama kazi ni ya watu watatu na mpo wawili, mwenye tatizo ni aliyepanga kazi.

Ninaujua mpaka wangu, lakini nashindwa kusema hapana. Nisemeje?

Sema mapema na sema kwa ufupi. Maelezo marefu yanampa mwenzako mahali pa kubishania, na udhuru wa uongo utakudai uongo mwingine Jumatatu. Kwa mkuu wa kazi, mrudishie uamuzi: “Bosi, hii nitaifanya, lakini ile ya Ijumaa itasogea. Ipi itangulie?” Kwa mzazi au mkwe, heshima inabaki palepale huku mpaka ukisimama: “Shikamoo mama. Kwa leo mwili umegoma, naomba nije Jumamosi asubuhi.” Siku mbadala ni muhimu, inaonyesha kwamba hukumkataa mtu. Kwa rafiki anayezoea kukutwisha: “Hilo siliwezi, ndugu yangu.” Nukta. Usijaze ukimya unaofuata.

Wengine watanuna. Waliofaidika na wewe kutokuwa na mpaka ndio watakaolalamika kwanza, na si lazima wawe watu wabaya, wamezoea tu.

Nina mtoto mchanga / ninamuuguza mzazi. Kupumzika hakuwezekani.

Sitakwambia ulale kwa muda wa saa 8. Katika hali yako mpaka utavukwa, swali ni uvukwe wapi. Linda mambo machache yenye hatari: usiendeshe gari ukiwa na usingizi, usimbebe mtoto kulala naye kwenye kochi, pima dawa za mgonjwa mara mbili. Vingine viporomoke, vyombo visubiri. Anayeuliza “nikusaidieje?” mpe kazi yenye jina na saa: “Dada, njoo Alhamisi saa nane ukae na baba hadi saa kumi.” Ukiona unaanza kutamani kumpiga au kumtikisa mtoto, mlaze salama chali kitandani mwake, toka chumbani dakika chache, mwite mtu.

Saa ya mkononi inayopima mapigo na usingizi inasaidia?

Inasaidia kuona mwelekeo. Mapigo ya mtu mzima aliyetulia kwa kawaida ni 60 hadi 100 kwa dakika, kwa wanariadha hushuka chini ya 60. Yakipanda juu ya kawaida yako kwa siku kadhaa, tafuta sababu: usingizi, joto, pombe, homa inayokuja. Ikikwambia umelala vibaya na wewe unajisikia vizuri, hukumu ni yako.

Nimejikaza kwa miezi mingi. Nitarudi lini kwenye hali yangu?

Deni la usingizi la wiki chache huchukua siku kadhaa, pengine wiki mbili tatu, za kulala vya kutosha. Kuzidiwa na kazi huchukua miezi, na likizo ya wiki moja mara nyingi haifiki hapo. Siku za kwanza za mapumziko unaweza kujisikia vibaya zaidi, kichwa kizito, machozi karibu; usilifanye hilo sababu ya kurudi mbio kazini. Rudisha shughuli moja baada ya nyingine, ukiipa kila moja wiki kabla ya kuongeza inayofuata. Na ikiwa umefanya hivyo kwa wiki kadhaa bila nafuu, rudi kwa daktari na orodha ya ulichojaribu, umelala saa ngapi kila usiku, na dawa zote unazotumia, pamoja na zile za kununua bila cheti na za mitishamba.